Kifurushi cha ndimu cha kusafisha mwili: chupa inafaa, karatasi haifai

Siku hizi ni shida kupita madukani mwa mjini Unguja, tokea Darajani hadi Michenzani na Mwanakwerekwe, bila ya kukutana na bango linalonadi ndimu kwa ajili ya kusafisha mwili. Wapo wanaouza chupa ya maji ya ndimu peke yake, wapo wanaochanganya na habasoda au kitunguu thomu, na wapo wanaouza kifurushi kizima cha wiki moja chenye kinywaji cha asubuhi, chai ya usiku na dawa ya kujisugulia ngozi. Tathmini hii inahusu kifurushi cha aina hiyo ya mwisho, nilichokinunua kwa shilingi 45,000 katika duka moja la vinywaji na dawa za asili. Jina la duka silitaji, kwa sababu vifurushi vya maduka mengine nilivyovitazama vinafanana na hiki karibu kwa kila kitu isipokuwa rangi ya karatasi, na ninayoyasema hapa yanamhusu mnunuzi wa chochote kati yao.

Nianze na duka, kwa kuwa huko ndiko kwenye mengi ya kusifiwa. Ni padogo, viti vichache na feni moja, lakini sakafu inapigwa deki, bilauri zinaoshwa kwa maji yanayotiririka, na ndimu zinakoshwa kwa brashi kabla ya kukatwa, jambo ambalo wauzaji wengi wa vinywaji hawalijali. Kijana anayekamua anaijua kazi yake. Huibingirisha ndimu juu ya ubao kwa kiganja mpaka ilainike, kisha huikata mashavu pembeni mwa moyo wake, kokwa zikabaki zote katikati, na mashavu hayo ndiyo anayoyabana kwa kikamulio cha mbao juu ya chujio. Ukataji huo si wa madaha tu. Kokwa zikipondwa, na ile ngozi nyeupe ya ndani ikikamuliwa pamoja na nyama, kinywaji huwa kizuri mwanzoni na baada ya saa chache hugeuka kichungu, na wengi wetu tumewahi kuitupa sharubati ya nyumbani tukidhani ndimu zilikuwa mbovu.

Nilitaka kujua maji yanatoka wapi, nikaoneshwa madumu ya maji ya kununua, na barafu nikaambiwa inatengenezwa kwa maji hayo hayo. Swali hilo ni la lazima katika mji uliowahi kuugua kipindupindu mara kwa mara, khasa kwa kuwa wapo watu wanaoamini kwamba ukali wa ndimu unatosha kuua kila kilichomo majini. Imani hiyo ina mzizi wa kweli. Huko Guinea-Bissau, katika miaka ya 1990, watafiti walikuta kwamba waliokula wali kwa mchuzi uliotiwa ndimu waliugua kipindupindu kwa uchache kuliko wasiotia, na katika maabara asidi hiyo iliwaua vijidudu vya maradhi hayo. Lakini mchuzi uliokolea ndimu si sawa na bilauri kubwa ya maji yenye ndimu moja na vipande vya barafu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, ndimu ije baadaye kwa utamu wake.

Kinywaji chenyewe ni kizuri, tena kizuri kuliko nilivyotarajia kwa kitu kinachouzwa kama dawa. Kina ndimu, tangawizi iliyotwangwa na kuchujwa, asali, punje ya chumvi na mchaichai uliochemshwa ukaachwa kupoa. Mchaichai ndio unaokifanya kinukie kabla ya kufika mdomoni, kwani una mafuta yenye harufu inayofanana na ya ganda la limau, na kwa hivyo pua inaonja ndimu nyingi kuliko zilizomo. Tangawizi inakuja nyuma, kooni, na chumvi inaupunguza ukali bila ya kujitokeza. Wanaopenda juisi ya miwa ya Forodhani iliyosagwa pamoja na ndimu na tangawizi watakiona hiki ni chepesi zaidi na hakiachi utamu unaonata kwenye meno. Kinauzwa pia chupa moja moja kwa shilingi 3,000, na kwa mchana wa joto la Januari sijui kinywaji cha bei hiyo kinachokishinda.

Picha iliyopo kwenye chupa ni ya limau kubwa la manjano, ilhali kilichomo ni ndimu, zile ndogo za kijani za sokoni. Sioni kuwa ni udanganyifu wa kumgombeza mtu, maana malimau ni adimu na ndimu ndizo zetu. Tofauti ipo kidogo katika vitamini C: juisi ya limau ina karibu miligramu 39 katika kila gramu 100, na ya ndimu ina karibu miligramu 30. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 kwa siku akiwa mwanamke na 90 akiwa mwanamme, na ndimu moja ya wastani humpa kama 10 hadi 15 tu. Karatasi ya kifurushi inasema kwamba hakuna tunda linaloizidi ndimu kwa vitamini hiyo. Pera moja la kuokota chini ya mti lina zaidi ya miligramu 100, na halihitaji asali.

La kunitia wasiwasi zaidi ni chupa za kuchukua nyumbani. Zipo saba, za plastiki inayoangaza, zimepangwa kwenye rafu iliyo karibu na dirisha, na hazina tarehe ya kutengenezwa wala ya mwisho wa kutumiwa. Namba ya usajili sikuiona pia, ingawa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ndio wenye dhamana ya kusimamia vitu vya namna hii. Vitamini C haivumilii mwanga, hewa wala joto, na jambo hili lilijulikana kwa gharama kubwa. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Salisbury, aliwagawa mabaharia 12 waliougua kiseyeye, maradhi yanayoletwa na upungufu wa vitamini C, wawili wawili, akawapa kila kundi kitu chake, na waliopewa machungwa na malimau wakapona upesi kuliko wenziwao. Jeshi la majini likachelewa mpaka mwaka 1795 kuanza kuwagawia mabaharia juisi ya limau. Halafu katika miaka ya 1860 likabadilisha, likachukua ndimu za visiwa vya Karibi, ambazo tangu mwanzo zilikuwa na vitamini pungufu, na juisi yake ikapitishwa kwenye mabomba ya shaba na kukaa wazi kwa hewa na mwanga hadi nguvu ikaisha. Msafara wao wa Ncha ya Kaskazini wa mwaka 1875 ulibeba juisi hiyo na bado watu wakaugua kiseyeye. Sisemi kwamba mnunuzi wa Michenzani atapata kiseyeye, ila chupa ya siku ya saba, iliyokaa wiki nzima kwenye mwanga na kisha kwenye jokofu linalozimika kila umeme ukikatika, imeshapungukiwa na kile alicholipia. Anayeipenda na anunue ya siku ile ile.

Tena kuna asali. Nilimuuliza muuzaji kiasi gani kinatiwa, akanijibu bila ya kuficha kuwa ni vijiko viwili vya chakula kwa kila chupa. Hivyo ni karibu gramu 34 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, na asali imo humo, isizidi kiasi cha gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana iwe chini ya 25. Kwa hivyo chupa moja tu ya asubuhi imeshavuka kile kiwango kizuri kabla mtu hajagusa chai wala mandazi. Kwa kijana mzima anayefanya kazi ya kutoka jasho hilo ni jambo dogo. Kwa mgonjwa wa kisukari si dogo hata kidogo, na hapo ndipo ninapoingia kwenye karatasi.

Karatasi iliyokunjwa ndani ya kifurushi imepigwa chapa pande zote mbili. Inadai kwamba ndimu huondoa sumu mwilini, husafisha ini na figo, huyeyusha mafuta ya tumbo, huitoa damu kwenye asidi na kuifanya alkali, yaani kinyume cha asidi, na hutibu sukari na presha. Nilimwonesha muuzaji mstari wa kwanza na kumuuliza, "Sumu gani hizi, mwanangu?" Akasema kwa adabu, "Za vyakula vya mafuta, bi mkubwa, na dawa wanazopiga kwenye mboga." Nikamuuliza mtu atajuaje kama zimetoka. Akatabasamu, akainamisha macho, akasema kwamba mtu atajua mwenyewe chooni.

Nitarudi kwenye choo hicho. Kwanza madai yenyewe. Mwili una vyombo vyake vya kutoa uchafu, na havilali: figo huchuja kama lita 180 za majimaji ya damu kila siku na kurudisha karibu yote, zikiacha lita moja au mbili za mkojo, na ini huzivunja dawa, pombe na mabaki ya chakula na kuyafanya yaweze kutoka. Hakuna kitu kilichomo kwenye ndimu kinachovifanya vyombo hivyo vifanye zaidi ya kazi hiyo. Kinachozisaidia figo katika kifurushi hiki ni maji, na maji hayahitaji karatasi. Ama damu kuwa alkali, damu ya mtu mzima tayari ina alkali kidogo, kipimo chake cha pH (7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali) kikiwa kati ya 7.35 na 7.45, na mapafu na figo hazikiruhusu kiyumbe, kwani kikiyumba sana mtu huwa mahututi. Kinachoweza kubadilika kwa kunywa ndimu ni mkojo. Anayepima mkojo wake kwa karatasi ya rangi akadhani amepima damu, amepima alichokojoa.

Kuhusu mafuta ya tumbo, karatasi inaelekeza kwamba chakula cha usiku kiachwe wiki nzima na badala yake inywewe chai. Huo ni ufupisho wa mtindo ulioanzia Marekani katika miaka ya 1940, wa kunywa maji ya limau yenye utomvu mtamu wa mti na pilipili kali kwa siku kumi bila ya kula. Asiyekula hupungua, na mwanzoni hupungua kwa haraka, kwa sababu mwili unatumia akiba yake ya wanga na akiba hiyo imefungamana na maji mengi. Mizani inashuka, mtu anafurahi, akirudi kwenye wali na maji yanarudi. Sisi tunaofunga Ramadhani tunalijua hilo vizuri, na tunajua pia kilo hizo zinakwenda wapi ifikapo Idi mosi.

Mstari wa sukari na presha sina la kuutetea. Kumuuzia mgonjwa wa kisukari chupa yenye gramu 34 za sukari na kumwambia kwamba ni tiba ni jambo la hatari, na linazidi kuwa hatari pale mgonjwa anapoamua kuacha vidonge alivyopewa kliniki Mnazi Mmoja ili "dawa ya asili ifanye kazi". Duka safi kama hili halina haja ya mstari huo. Ungefutwa kesho, wateja wasingepungua hata mmoja.

Sasa chai ya usiku. Pakiti zake ni ndogo, za karatasi nyeupe, na nje zimeandikwa tu kuwa ni ndimu na majani ya asili. Niliimwaga moja kwenye sahani. Zilitoka ngozi za ndimu zilizokaushwa hadi zikawa ngumu na za kahawia, vipande vya tangawizi, karafuu mbili tatu, na majani membamba yenye ncha, rangi ya kijani iliyopauka, makavu kiasi cha kuvunjika kwa kuguswa. Mtu yeyote aliyelelewa na bibi yake katika visiwa hivi anayajua majani hayo kwa kuyaona, na kama hayajui kwa macho basi analijua tumbo lake. Ni sanamaki.

Sina ugomvi na sanamaki. Ni dawa ya zamani, inatajwa katika hadithi za tiba ya Mtume, inauzwa Darajani kwenye meza za viungo, na hata hospitalini vipo vidonge vyake kwa ajili ya aliyefunga choo. Inafanya kazi kwa kuusukuma utumbo mpana ujikaze na kwa kuuzuia usinyonye maji, na hatua hiyo huchukua baina ya saa sita na saa kumi na mbili. Anayeinywa saa tatu za usiku ataamka alfajiri kwa mbio. Basi yule muuzaji alikuwa mkweli: mtu atajua mwenyewe chooni. Ila kilichomwamsha ni jani ambalo halikutajwa kwenye pakiti, na sifa zote zimepewa ndimu. Kinachotoka si sumu iliyojificha, ni chakula cha juzi pamoja na maji na chumvi ambazo mwili ulikuwa bado unazihitaji.

Kosa kubwa la kifurushi hiki, kwa maoni yangu, ni kulificha jina hilo. Sanamaki haifai kutumiwa zaidi ya wiki moja mfululizo bila ya ushauri wa daktari, kwa sababu kuharisha kwa muda mrefu kunapunguza madini ya potasiamu, na upungufu huo unaweza kuuvuruga mwendo wa moyo, khasa kwa mtu anayekunywa vidonge vya presha vya kuongeza mkojo. Mjamzito, mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana sababu, na mtoto, wote hao hawafai kupewa bila ya kuuliza. Karatasi inamhimiza mteja arudie kifurushi "mpaka mwili uwe mwepesi", na sikuona popote panapomwambia asimame wapi. Mtu akiandikiwa sanamaki atajipimia mwenyewe, maana tunaijua. Akiandikiwa ndimu na majani ya asili atajiona anakunywa chai, na huenda akampa na mama mkwe wake anayetumia dawa za moyo.

Kitu cha tatu ni cha ngozi, kimeitwa singo ya ndimu. Jina hilo nililikunjia uso kidogo. Singo ninayoijua mimi, ile ya kumsugulia bibi harusi, ni ya maua: mawaridi, asumini, mlangilangi, pamoja na liwa na manukato mengine kwa kadiri ya mkono wa kungwi, na anayesuguliwa huwa ndani, pazia limeshushwa. Hii ya dukani ni unga wa mchele, manjano na ganda la ndimu lililosagwa, na inaelekezwa ikorogwe kwa juisi ya ndimu mbichi, ipakwe usoni, shingoni na makwapani, iachwe nusu saa, ioshwe, na yafanyike hayo asubuhi "kabla ya kutoka ili ngozi ing'are".

Asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote. Ndimu, katika ganda na katika juisi, ina kemikali ambazo zikibaki kwenye ngozi na ngozi ikapigwa na jua, huiunguza. Jua peke yake lisingeunguza hivyo, na ndimu peke yake isingeunguza hivyo. Wekundu huanza baada ya siku moja au zaidi, unafika kilele siku ya pili au ya tatu, na mara nyingine hutoa malengelenge, kisha huacha madoa meusi yanayokaa wiki nyingi au hata miezi. Kwa kuwa hayaji papo hapo, mtu hulaumu sabuni, au chakula, au jicho baya, na ndimu haisemwi. Mpwa wangu aliyekuwa akikamua ndimu mchana kutwa kwa wageni katika mkahawa mmoja wa ufukweni Paje alitoka madoa mgongoni mwa mkono yenye umbo la michirizi, kama yalivyotiririka maji ya ndimu kuelekea kiwiko. Aliyeyaona alidhani ameungua kwa mafuta ya moto. Yalikaa hadi msimu wa wageni ukaisha.

Manjano na unga wa mchele, vikikorogwa kwa maji ya mawaridi, vinatosha kusugulia ngozi, na sikuona kilichoongezwa na ndimu isipokuwa mwasho kwenye mahali palipokuwa na mchubuko. Anayeipenda harufu yake atumie usiku, aoshe kwa sabuni kwa ukamilifu, mikono pamoja na chini ya kucha. Wanaopaka ndimu makwapani ili kuondoa kikwapa, na ni wengi kuliko wanaokiri, nao wafanye hivyo hivyo.

Meno nayo yanahitaji neno lake. Tabaka gumu la juu la jino huanza kulainika kipimo hicho cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, na juisi ya ndimu iko kwenye 2 au zaidi kidogo. Karatasi inasema kinywaji kinywewe taratibu, kidogo kidogo, kwa muda wa saa nzima, na huko ni kuyachovya meno kwenye asidi kwa saa nzima. Kinywewe kwa mara moja, kwa mrija ikiwezekana, mdomo usukutuliwe kwa maji matupu, na mswaki usubiri nusu saa, kwani kupiga mswaki papo hapo ni kukikwangua kilicholainika. Wenye kiungulia watajijua wenyewe. Wenye vidonda vya tumbo mara nyingi huambiwa kuwa ndimu ndiyo iliyowaletea, na hilo si kweli. Vidonda huletwa zaidi na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye kwa kumgundua Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, au na baadhi ya dawa za maumivu. Lakini kisababishi ni kimoja na kichokozi ni kingine, na kidonda kilichopo hakiipendi ndimu.

Nisije nikaeleweka kwamba ndimu haina faida. Inazo, na ajabu ni kuwa karatasi haikuzitaja mbili zilizo na ushahidi mzuri zaidi. Ya kwanza ni mawe ya figo. Asidi ya ndimu hugeuka kuwa sitrati ndani ya mkojo, na sitrati huishika kalisi isigandane na kuwa jiwe, ndiyo maana madaktari huwashauri baadhi ya wagonjwa wenye upungufu wa sitrati wanywe juisi ya limau kiasi cha mililita 120 iliyochanganywa na lita mbili za maji kwa siku, bila ya sukari nyingi. Katika nchi ya joto, ambapo watu wengi hunywa maji kidogo na kutoka jasho jingi, hilo lingefaa kuandikwa kwa herufi kubwa.

Ya pili ni madini ya chuma. Chuma kilichomo kwenye mchicha, kisamvu, maharage na kunde hakiingii mwilini kwa urahisi kama kilichomo kwenye nyama, lakini kikikutana na vitamini C katika mlo huo huo huingia zaidi. Upungufu wa damu ni tatizo la wajawazito na watoto wengi, Unguja na Pemba, na ndimu inayokamuliwa juu ya sahani ya maharage wakati wa kula inafanya kazi ambayo chupa ya asubuhi tumbo likiwa tupu haiwezi kuifanya, kwa sababu hakuna chuma cha kuisaidia kuingia. Isichemshwe pamoja na mboga, itiwe mwisho. Chai ya rangi, kwa upande wake, huzuia chuma kisiingie, na bora icheleweshwe saa moja au mbili baada ya kula. Wapishi wa urojo, wa pweza na wa samaki wa kukaanga wamekuwa wakikamua ndimu mwishoni siku zote kwa ajili ya ladha, na hawajamtoza mtu shilingi 45,000.

Kuhusu bei hiyo, hesabu haimpendezi mnunuzi. Chupa saba kwa 3,000 kila moja ni 21,000. Zinazobaki, 24,000, ni za pakiti za sanamaki isiyotajwa jina na kikopo cha unga wa mchele wa manjano, vitu ambavyo mtu akivitaka atavipata Darajani kwa fedha kidogo sana, tena kwa majina yao. Muuzaji aliniambia kwamba wengi wanachukua kifurushi kizima kwa kudhani chupa haifanyi kazi bila ya chai, na kwa maana yao wana haki, kwa kuwa bila ya chai hakuna mbio za alfajiri.

Kwa hivyo duka nalipa alama nzuri kwa usafi, kwa ukamuaji na kwa lugha ya wahudumu, ambao hawakukasirika kwa maswali yangu wala hawakunisukumia kitu nisichokitaka. Kinywaji kinachokamuliwa mbele yako kinastahili bei yake, na ukiwaambia wapunguze asali mpaka kijiko kimoja au waiache kabisa wanafanya bila ya kunung'unika. Bila ya asali kabisa ni kikali, nusu kijiko kinatosha. Kifurushi sikipendekezi kwa mtu yeyote mpaka sanamaki iandikwe kwenye pakiti, madai ya sukari na presha yaondolewe, na maelekezo ya singo yahamishwe kutoka asubuhi kwenda usiku. Nimewaachia maoni hayo kwa maandishi, na mwenye duka ameahidi kubadilisha pakiti zitakapokwisha zilizopo. Duka hufunga wakati wa sala ya Ijumaa na kufungua tena saa nane, na ndimu mbichi za kutosha huwa zipo asubuhi. Jioni wakati mwingine hutumia juisi iliyokamuliwa mchana, basi uliza kwanza.